Nilidhani Ana Mchepuko, Kumbe Anasoma Eksirei

Jamani, nusura nimwache mtu kisa simu. Ikilia usiku, jamaa anainuka, anaenda sebuleni na laptop, anafunga mlango. Nikasema tayari, nimeshapigwa tukio.

Usiku mmoja nikamfuata. Kwenye skrini nakuta kifua cha mtoto.

Nilijua ni daktari wa radiolojia. Sikujua kwamba akitoka kazini anajitolea kuwasomea picha madaktari walio kwenye hospitali zisizo na mtaalamu kama yeye. Madaktari Wasio na Mipaka wana huduma ya hivyo tangu 2010. Daktari wa kule anaiweka filamu kwenye mwanga, anaipiga picha kwa simu, anaondoa jina la mgonjwa, anatuma.

Picha ya kwanza ilikuwa na mng'ao wa taa, akaomba irudiwe. Ya pili ikaja safi.

"Unaona vidoti hivi, kama punje za mtama? Mapafu yote mawili."

Mtoto alikuwa anatibiwa nimonia, wala hapati nafuu. Jamaa akaandika: hii inaelekea ni TB iliyosambaa, msichelewe kumwanzishia dawa.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ya wagonjwa si ya kusimulia."

"Sasa huyu atapona?"

"Sijui. Mara nyingi hawarudishi jibu."

Akafunga laptop, akalala. Mimi ndo sikulala.

Siku hizi simu ikilia na yeye kapitiwa na usingizi, namwamsha mwenyewe.