Mvuvi wa Ndoana Katika Maonyesho ya Kipupwe

Kipupwe kikiingia Mbeya, Mwanjelwa hubadilika sura. Tangu Juni hadi Agosti wauza makoti ya mitumba huwa ndio wafalme wa soko, na kikombe cha chai ya tangawizi hushikwa kwa mikono miwili. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri unaoshuka kutoka milima ya Uporoto hauna huruma kwa mtu aliyezaliwa Pwani. Ni katika majira hayo hayo ambapo wakulima, wafugaji na wavuvi wa Nyanda za Juu Kusini hukusanyika katika viwanja vya John Mwakangale kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane. Mwandishi wa makala haya si mkulima wala mfugaji. Ni mpenzi wa ndoana, na huenda huko kwa shabaha moja tu, yaani kutazama samaki.

Ndugu msomaji asishangae. Zipo nchi ambako watu hufanya maonyesho ya ndoana peke yake, tena katikati ya baridi kali. Huko Marekani, mito ya kaskazini inapoganda kwa barafu, wavuvi wasio na pa kwenda hukusanyika katika kumbi kubwa, kama inavyofanyika katika mji wa Edison, jimbo la New Jersey, wakatazama nyufito, mishipi na vyambo, na kuwasikiliza mafundi wakieleza siri zao. Samaki mwenyewe si lazima awepo.

Uvuvi unaowakusanya watu hao ni ule wa nzi wa bandia. Ufundi wake hauko mbali na akili ya mvuvi wa kawaida, ila umepinduliwa. Mvuvi wa kwetu hufunga chubwi ili uzito wa risasi ubebe chambo hadi mbali. Mvuvi wa nzi hana chubwi. Mshipi wenyewe ndio mzito, naye huurusha nyuma na mbele hewani mpaka utandazike, na mwisho wake, kwenye uzi mwembamba usioonekana majini, hufuata ndoana ndogo iliyoviringishiwa manyoya ya kuku ikafanana na mdudu aliyeanguka mtoni. Samaki hudanganyika kwa macho, si kwa harufu.

Habari isiyojulikana na wengi wetu ni kwamba nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya jirani zetu wa Kenya. Kazi hiyo ilianza huko tangu enzi za walowezi, na hadi leo mafundi wake, ambao wengi ni wanawake, hukaa mezani wakifunga ndoana moja baada ya nyingine kwa mfano wa wadudu wa mito ambayo hawajapata kuiona. Mzungu huinunua, akaenda nayo mtoni Jumamosi akiamini kwamba ni kitu cha kwao.

Mwandishi hufunga nzi wake mwenyewe jioni za kipupwe, watoto wakiisha kulala. Vifaa vyote hupatikana Mwanjelwa. Soko lile liliteketea kwa moto mwaka 2006 na baadaye likajengwa upya, lakini biashara ndogo ndogo za pembeni hazikupotea. Manyoya ya shingo ya jogoo hutolewa bure na wachinja kuku, ambao hawakosi kucheka kila wanapoombwa. Uzi hutoka kwa mafundi cherehani. Singa nyeupe za mbuzi zikifungwa kwenye ndoana ndefu pamoja na kipande cha karatasi ya kung'aa ya sigara, hutokea kitu kinachofanana sana na usipa, yule dagaa wa Ziwa Nyasa. Na usipa ndio chakula cha samaki ambaye makala haya yanamhusu.

Samaki huyo ni mbasa. Ana mwili mrefu wa rangi ya fedha, kinywa kipana, na nguvu zisizolingana na umbo lake. Huishi ziwani akiwinda usipa, lakini hatagi ziwani. Majira yake yakifika huingia katika mito, akapanda dhidi ya mkondo mpaka mahali penye changarawe safi na maji yaendayo kasi, ndipo huacha mayai yake. Kwa upande wetu mito hiyo ni kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Wenzetu wa Malawi humwita mpasa. Mtu aliyepata kumla Kyela, kwa wali wa mchele wa huko huko, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2023 maonyesho ya Mbeya yalikuwa ya kitaifa kwa mara ya pili mfululizo, na daladala zilizotoka Mwanjelwa kufuata barabara kuu ya Zambia zilijaa mpaka milangoni. Viwanja vilikuwa na kila kitu: madume ya ng'ombe yaliyosuguliwa yakang'aa, matrekta ambayo watoto waliyapanda bila kuombwa kushuka, mbegu za viazi na maharage kutoka Uyole. Hayo yote mwandishi aliyapita upesi, akiwaacha jamaa zake kwenye banda la asali, akaenda moja kwa moja kwenye samaki.

Kulikuwa na matangi ya turubai yenye perege wanaozunguka, na beseni la kambare waliolaliana kama kuni. Kijana mmoja, bwana samaki kwa kazi yake, alikuwa akiwaeleza akina mama namna ya kuchimba bwawa, kulilisha na kulihamisha maji. Alieleza vizuri, tena kwa lugha nyepesi. Watu walipopungua, mwandishi alimuuliza kwa nini hakuna hata picha ya mbasa.

"Shikamoo, mzee," alijibu kwanza, maana adabu hutangulia. "Hapa tunaonyesha kile ambacho mwananchi anaweza kukifuga nyuma ya nyumba yake. Mbasa hafugiki kirahisi kama perege. Anataka mto mzima."

Maneno hayo yalikuwa kweli, nayo yalimkaa mwandishi moyoni kuliko kama kijana yule angejitetea. Maonyesho huonyesha kile kinachoweza kubebwa. Bwawa hubebeka kwa turubai. Mto haubebeki, wala hauna mwenyewe wa kuulipia banda.

Lakini palikuwa na wakati ambapo mito hii hii iliwahi kuwa na wenyewe. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland, wakapandwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Waingereza walipoitawala Tanganyika walifanya vivyo hivyo katika mito baridi ya kaskazini na ya Nyanda za Juu Kusini, na sehemu za juu za Kiwira zikapata trauti wake. Hawakuletwa ili wananchi wapate kitoweo. Waliletwa ili mabwana wakubwa wapate mchezo wa mwisho wa juma, na kwa ajili ya mchezo huo palikuwa na uangalizi, vibali na kambi ya uvuvi. Mgeni alitunzwa kwenye maji ya juu. Mwenyeji, anayepanda kutoka ziwani katika mto ule ule, hakuwa katika hesabu. Mwandishi hana ugomvi na trauti. Ni samaki mzuri, wala hakuomba kuletwa. Ugomvi ni kwamba uangalizi uliokuwapo haukurithishwa kwa mwenyeji.

Nje ya banda, mama mmoja kutoka Kyela alikuwa amepanga usipa wakavu na vifuko vya mchele. Alipoonyeshwa ile ndoana ya singa za mbuzi aliigeuza kiganjani, akasema usipa huyu kakonda. Kisha akauliza samaki akishapatikana hufanywa nini. Mwandishi alimweleza kwamba katika mto Bua nchini Malawi, ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, wapo wavuvi wanaomnasa mpasa kwa nzi wa bandia, wakampima kwa macho, kisha wakamrudisha majini akaendelee na safari ya kutaga.

"Baba," alisema, "mimi nikimrudisha huyo mbasa, watoto nitawapa maji ya mto wanywe?"

Hapakuwa na jibu la haraka. Ila yeye mwenyewe aliongeza, akifunga kifuko cha mteja: "Wanaotega nyavu mlangoni mwa mto ndio wanaotumaliza. Wakiziba pale, sisi wa juu hatupati, na mwakani wao pia hawapati."

Wataalamu husema kama alivyosema mama huyo. Mbasa ameingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu zinazotajwa ni nyavu zinazomsubiri wakati wa kupanda mto, pamoja na udongo unaoporomoka kutoka mashambani ukafunika changarawe. Yai lililofunikwa tope halipumui. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini vinyungu vya mboga vimeteremka mpaka majini katika mabonde mengi ya nyanda hizi, na kabichi zake huliwa mijini na watu kama mwandishi na msomaji wake. Mvuvi wa ndoana moja hawezi kumaliza samaki wa mto. Anachoweza ni kuutembelea mara kwa mara, akauona maji yake yalivyobadilika rangi, na kusema. Hiyo ni kazi ndogo, lakini kwa sasa ni wachache wanaoifanya.

Anayetaka kuuona mto Kiwira na jamaa yake hana haja ya kungoja Agosti. Magari ya Tukuyu na Kyela hupita Uyole kila siku, na nauli si ya kumtisha mfanyakazi. Ashuke Kiwira, aulize njia ya Daraja la Mungu, mahali ambapo mto umejitobolea njia chini ya jiwe na kuacha daraja lisilojengwa na mtu, karibu na Chuo cha Magereza. Avae koti. Watoto washikwe mikono, maana miamba huteleza. Atakayebeba ndoana apitie kwanza kwa bwana samaki wa wilaya kuulizia kibali, na asishangae akiulizwa huo mdudu wa manyoya ya kuku ni wa nini.