Mama Alichangia Nini

Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na karibu kazi yote niliifanyia ndani ya Mkoa wa Tanga: Pangani, Muheza, Korogwe, Handeni. Walipita mbele yangu wezi wa kuku, wagomvi wa mipaka ya mashamba, watu waliodaiana mahari. Lakini mashauri yaliyonikaa moyoni ni ya talaka, hasa pale ilipofika zamu ya kugawana mali. Mwanamume anasimama, anaapa, anasema: "Mheshimiwa, nyumba ni yangu. Huyu hakuwa na kazi, alikuwa anakaa tu nyumbani."

Kila nilipoyasikia maneno hayo nilimwona mama yangu. Ndiyo maana nikitaka kueleza maisha yangu ya kazi siwezi kuanzia chuoni wala mahakamani. Lazima nianzie uani kwetu.

Mama alikuwa Msegeju wa upande wa Moa, pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Alipoolewa aliletwa mjini Tanga, Ngamiani, kwenye mitaa inayoitwa kwa namba: barabara ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili. Baba alifanya kazi bandarini. Meli kubwa hazikufunga gatini Tanga. Zilitia nanga nje, shehena ikashushwa kwenye matishari, na katani ya mashamba yote ya mkoa ikatoka kwa njia hiyohiyo. Baba alikwenda na zamu na kurudi na zamu, mwili umechoka, na mshahara aliuleta nyumbani kama ulivyo. Alimkabidhi Mama, kisha akawa hana habari nao tena. Kuanzia hapo hadi mwezi mwingine uishe, aliyejua kama tutakula ni Mama.

Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilijua ameamka kwa sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, au ufagio uani. Maji aliyateka kwenye bomba la mtaa mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na hapo bombani ndipo habari za mtaa zilipomfikia: nani kajifungua usiku, nani mtoto wake ana homa, nyumba ipi moto haukuwashwa jana. Hilo la mwisho ndilo alilolifuatilia kuliko yote. Nyumba ambayo moto haukuwaka, kabla ya saa nne bakuli lingekuwa limefika, limefunikwa kawa, na mbebaji aliyetumwa ameagizwa aseme, "Mama anasema leo kakosea kipimo, mchele umezidi." Sijapata kumwona Mama akikosea kipimo cha mchele.

Watu waliingia kwetu mchana kutwa. Waliokuja kuazima kifumbu walikaa hadi tui lishuke. Waliokuja kulia walilia, wakapewa kazi mikononi, dagaa wa kuchambua au ukili wa kusuka, na wakaondoka wamemaliza dagaa na nusu ya kilio. Mama hakumuuliza mgeni shida iliyomleta. Alimsalimu, akamuuliza hali ya kila mtu wa kwao kwa jina, akamkalisha mkekani, akampa maji. Shida ingetoka yenyewe. Nilipokuwa hakimu kijana, na watu wanaingia mahakamani wakitetemeka kwa hasira, nilifuata mwendo huo kadiri taratibu zilivyoniruhusu. Nilimwacha mtu akae, nikamuuliza anakotoka na kama safari ilikuwa njema, ndipo nikafungua jalada. Mtu aliyesalimiwa vizuri husema ukweli mwingi zaidi.

Miongoni mwa waliozoea uani kwetu alikuwamo mke wa mzee mmoja aliyekuja zamani kutoka Kigoma kama manamba, kukata mkonge. Mkataba wake ulikwisha, nguvu zikamwishia, akahamia mjini kufanya vibarua. Mkewe alifika Ngamiani hana ndugu, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiha, na baadhi ya watu walimcheka. Mama alimwita "dada" siku ya kwanza, na neno hilo likafunga mjadala wa mtaa mzima. Alimfundisha kupika kwa nazi, naye akatuletea namna ya maharage ambayo mpaka leo nikipika wanangu hawasazi kitu. Walikuwa wakikaa pamoja jioni, Mama anasuka ukili, yule mama anaparaza mahindi, wakizungumza mambo ambayo sisi watoto tukikaribia yalinyamazwa.

Sasa nyumba. Baba alipata kiwanja mimi nikiwa mdogo, lakini si mdogo kiasi cha kusahau. Fedha za bandarini zilinunua boriti za mikoko, fito na misumari. Fundi alikuwa mmoja na msaidizi wake, na Mama akafanya nao mapatano ambayo baba hakuyafikiria: chai ya asubuhi na chakula cha mchana ni juu yake, na ujira ushuke. Akawalisha kwa muda wote wa ujenzi, wali au ugali, samaki au mchicha, kutoka kwenye posho ileile iliyotulisha sisi. Siku ya kukandika aliwaalika watu. Walikuja wengi hata baba akaduwaa. Wanawake walibeba maji na kukanyaga udongo, wanaume wakajaza kuta, na hakuna aliyelipwa. Nilipokua ndipo nilipotambua ni watu gani wale. Huyu Mama alimuuguza alipokuwa na surua. Yule alimlelea mtoto alipolazwa. Yule mwingine harusi yake ilipikiwa kwetu. Kuta za nyumba yetu zilijengwa na watu waliokuwa wakilipa wema, na wema huo hakuna dukani unakouzwa.

Paa lilianza kwa makuti. Mabati yalikuja baadaye, na yalitokana na upatu. Mama alicheza upatu na wenzake kwa senti alizozibana kwenye mafuta ya taa na mkaa, zamu yake ikafika, akampa baba fedha zote mkononi. Risiti ya mabati iliandikwa jina la baba, maana yeye ndiye aliyekwenda dukani.

Shule nitaipita haraka. Nilifaulu, nikasoma sekondari ya bweni, baadaye nikapelekwa Mzumbe kusomea cheti cha sheria. Ninachotaka kukisema hapa ni barua. Mama alisoma chuo cha Kurani kwao Moa, akijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kirumi hakuzijua. Mwaka 1970 Serikali iliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa kila mahali. Mama alijiandikisha. Wenzake walikwenda kwa sababu mbalimbali. Yeye alisema hataki barua ya mwanawe isomwe na mtu wa tatu. Miaka ile alikuwa akifua, akipika, akilea mdogo wetu wa mwisho, na jioni anakwenda darasani na daftari lililofungwa kwenye leso. Barua zake nilizipata shuleni, kisha Mzumbe. Mambo ya kawaida aliyaandika kwa Kirumi, herufi kubwakubwa zilizosimama wima. Ya siri aliyageuza kwa herufi za Kiarabu, akijua wenzangu chumbani hawatayasoma. Ninazo barua hizo zote.

Nilianza kazi ya uhakimu wakati mgumu wa nchi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yako matupu, sukari inagawiwa kupitia mjumbe wa nyumba kumi, na sabuni ikawa kitu cha kuota. Nikienda likizo nilimkuta Mama akifulia majani ya mpapai. Kipande cha sabuni kikipatikana alikikata kwa uzi, nusu inakwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Mshahara wangu wa kwanza nilimpelekea Mama. Alininunulia shuka, fedha iliyobaki akanirudishia.

Mahakamani wakati huo tulikuwa na kiza juu ya jambo moja. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 114, iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja za mume na mke, na ikataka uangaliwe mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi inayohesabika hapo? Majaji wenyewe walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema hizo ni wajibu wa mke, hazizai mali. Wengine wakasema zinazaa. Sisi huku chini kila mmoja alishika lake.

Kisha ikaja hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, la mwaka 1983, mbele ya majaji watatu, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa mmoja wao. Mahakama ya chini ilikuwa imesema mwanamke yule alikuwa mke tu, na nyumba ni ya mume aliyeinunua kwa fedha zake. Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba, rufaa yake ilishindwa kwa sababu nyingine, na hilo linaniuma hadi leo. Lakini mlango alioufungua wameupitia wanawake wasiohesabika. Habari za hukumu hiyo zilitufikia kwenye semina, na mtoa mada alipoisoma kwa Kiswahili baadhi ya wenzangu waliguna. Mimi nilikuwa nafikiria mabati ya Ngamiani.

Tangu hapo nilikuwa na maswali yangu. Mume akishamaliza kutoa risiti, niliuliza: mafundi walikula wapi? Maji ya kukandika yalitoka wapi, na nani aliyateka? Ulipokuwa safarini, watoto walikuwa na nani? Wazee wa baraza waliokaa nami, watu wa makamo na wazee hasa, wenye wake na wajukuu, mwanzoni walitazamana. Baadaye nao wakaanza kuyauliza wenyewe.

Lipo shauri la Handeni nisilolisahau. Anayeifahamu Handeni anajua maji ni kilio cha wilaya ile, na wakati wa kiangazi mwanamke anaweza kutoka giza na kurudi jua limekwisha kupanda. Mume alileta stakabadhi za saruji na mabati zimepangwa vizuri. Mke hakuwa na karatasi hata moja, na alikuwa amekwisha kukata tamaa, anajibu kwa kutikisa kichwa. Mume akamwita fundi aje kuthibitisha stakabadhi. Fundi akathibitisha. Nikamuuliza matofali aliyafyatua kwa maji gani. Akasema, "Ya lamboni." Nani aliyaleta? Fundi akamtazama mume, akatazama chini, akasema yote aliyaleta yule mama, kichwani, na mwezi wa mwisho alikuwa mjamzito. Mzee mmoja wa baraza, Mzigua mwenye kofia ya ukili, aliweka kalamu mezani akasema, "Mheshimiwa, mimi sina swali zaidi." Tuliamua mwanamke apate sehemu yake. Mume alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, na uamuzi ukabaki ulivyo.

Nilimsimulia Mama shauri hilo, bila majina. Hakufurahi nilivyotarajia. Aliuliza yule mtoto aliyekuwa tumboni anaendeleaje, na kama sasa mama yake ana wa kumtekea maji. Sikuwa na jibu, kwa sababu faili halisemi. Safari yangu iliyofuata Handeni Mama alinipa kanga doti moja nimpelekee. Nikamweleza kwamba hakimu hawezi kumpelekea zawadi mtu aliyekuwa na shauri mbele yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nimefanya vyema, kisha kanga ile akampa mtu mwingine aliyekuwa akienda huko. Sikuuliza zaidi.

Mama alifariki mwaka 2009, akiwa kitandani kwake, sisi tukiwa tumemzunguka. Msiba wake haukuhitaji mtu wa kuuendesha. Tulipotoka kuzika tulikuta masufuria yako motoni, turubai limesimama, na kina mama wamegawana zamu bila kutuuliza hata chumvi iko wapi. Walijua iko wapi. Wengine sikuwafahamu kabisa. Walitoka Mwarongo, Horohoro, Pongwe, na kila mmoja alikuwa na jambo lake la kunisimulia pembeni.

Lakini nataka nieleze mirathi ya baba, iliyokuwa miaka mingi nyuma ya hapo. Baba alipofariki, sheikh aliitwa kupiga hesabu, na mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, sehemu moja kati ya nane. Tulikaa ukumbini kwenye mikeka. Kaka yangu mkubwa alisema kwamba sisi watoto tumekubaliana: mafungu yetu ya nyumba tunamwachia Mama, akae, apangishe, afanye apendalo maisha yake yote. Mimi nilitaka kueleza juu ya udongo na mabati na upatu, na hukumu ya mwaka 1983, lakini Mama aliinua mkono.

Alisema thumni yake ameipokea, ni hukumu ya Mungu na hana neno. Mafungu yetu nayo ameyapokea kwa shukrani, atakaa humo. Ila ile thumni, iandikwe kuwa ni chumba cha uani, kile kilicho karibu na mpapai. Sheikh akamuuliza kwa nini hicho, nacho ndicho kidogo kuliko vyote. Akajibu kwamba amekwisha kumpa dada yake wa Kigoma, aliyefiwa na mume mwezi uliotangulia, na kwamba asingependa baada ya yeye Mama kuondoka aje mtu amdai kodi.

Tukaandika hivyo. Ndugu zangu wakatia saini, nami nikatia yangu, na yule mama akaitwa kutoka jikoni aje aweke dole gumba.