Ganda

Bwana mmoja wa Bukoba aliniomba nimfasirie maelezo ya kujaza upya maganda ya risasi za bastola. Nikakwama kwenye neno ganda. Kwetu Muleba ganda ni la ndizi: likishamenywa halina madhara, labda kumtelezesha mlevi. La shaba silo hivyo. Kila lilipuliwapo hutanuka, kila libanwapo lijazwe hukakamaa, hata lipasuke karibu na kitako, moto umrudie mwenye bastola mkononi. Na kwa macho lilikuwa zima! Nilikumbuka Ngara, Novemba 2017: mwanafunzi aliokota bomu la mkono akilidhani chuma chakavu, likalipuka shuleni Kihinga, wakafa watoto watano. Nilimrudishia karatasi zake, pamoja na kishika uchumba cha malipo.