Injini ya Marehemu

Mirathi hugawika kwa hesabu. Kumbukumbu haina fungu. Mzee alipofariki, warithi waliafikiana kwamba Land Rover yake ya dizeli, Series III, iuzwe chuma chakavu. Kitinda mimba, fundi cherahani wa Chake Chake asiyepata kushika spana, aliomba miezi mitatu.

Aliifumua injini uani, chini ya mwembe. Kila kilichotoka alikilaza juu ya kanga kuukuu na kukitia namba kwa chaki ya kukatia nguo: pistoni nne, valvu nane na fito za kuzisukuma. Alikwisha jifunza kwamba kofia ya beringi haihami kwake. Ringi mpya alizipanga, nyufa zake zisielekeane, kwani dizeli haina cheche. Injini ile huibana hewa hadi sehemu moja ya 23 ya ujazo wake, ikawa moto wa kuwasha mafuta. Pumzi ikivuja, hapana uhai.

Siku ya ahadi ndugu walihudhuria. Injini ilizunguka, haikuwaka. Kaka mkubwa akatoa simu amwite mnunuzi. Fundi akainama, akalegeza skrubu ya kichujio, akaisukuma pampu ya mkono mpaka mapovu yakakoma.

Ilipowaka, moshi ulitanda ua mzima. Mama yao alitoka jikoni, upawa mkononi. Hakusema neno, alielekea mlango wa mbele kumpokea mtu, kama ilivyokuwa ada yake.

Kaka akairudisha simu mfukoni.