Baiskeli Kandokando ya Mfereji

Mwaka jana mwezi wa Mei, nikiwa na miaka 69 na goti moja lisiloaminika, nilipanda baiskeli kwa mara ya kwanza tangu nilipostaafu ualimu Mombasa. Nilikuwa nimemtembelea binti yangu huko Toulouse, Ufaransa, na yeye ndiye aliyenikodia. "Baba, njia ni tambarare," akaniambia. "Utafika."

Sikumweleza kilichonifanya nisite. Mwaka 1990, alipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilimkuta kichochoroni juu ya baiskeli ya kaka yake. Nilimteremsha mbele ya majirani na kusema maneno ambayo sitayarudia hapa. Sikuwa na aya wala hadithi ya kutegemea. Nilichokuwa nacho ni hofu ya watu watasemaje.

Basi tukatoka saa mbili asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma. Njia inafuata Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi pwani ya Bahari ya Mediterania. Aliyeujenga ni Pierre-Paul Riquet, mkusanyaji wa kodi ya chumvi, aliyepata idhini ya Mfalme Louis XIV mwaka 1666 akiwa amekwisha kupita miaka hamsini. Alifariki mwaka 1680, na mfereji ukafunguliwa mwaka uliofuata. Nilimfikiria sana mzee huyo kila goti liliponiuma.

Zamani farasi na nyumbu walipita kando hapo wakikokota majahazi ya mizigo. Siku hizi ni boti za watalii, wakimbiaji, na wazee wenzangu wa Kifaransa walionipita huku wakinisalimu kwa adabu. Kila baada ya kilomita chache kuna milango ya maji. Boti huingia katika birika la mawe, mlango hufungwa, maji hujazwa, na boti hupanda yenyewe taratibu. Birika hizo zimejengwa kwa umbo la yai ili kuta zihimili msukumo wa udongo. Ningeweza kutazama kazi hiyo kutwa nzima, na kusema kweli nilikuwa nikiifanya kisingizio cha kupumzika. Binti yangu alilijua hilo. Alikuwa akiningoja kila mlango bila kusema neno, akijifanya anakagua mnyororo.

Kivuli kilitoka kwa miti ya platani, lakini si kote. Mwaka 2006 iligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kuvu usio na dawa, na maelfu ya miti hiyo imekatwa na kuchomwa moto. Miti michanga ya aina nyingine imepandwa mahali pake, na huko jua lilitupiga sawasawa.

Mei huko Adhuhuri huingia karibu saa nane mchana. Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukaswali juu ya nyasi, kisha tukala mkate wa mayai na chai ya tangawizi aliyoibeba katika chupa. Bata watatu walisogea kutaka sehemu yao.

Baada ya Port-Lauragais lami ilikwisha, tukaingia kwenye changarawe. Mara moja niliteleza, nikaanguka ubavu, alhamdulillah bila kuvunjika kitu ila heshima. Alinishika mkono kunisimamisha, na hakucheka.

Saa kumi tukafika Naurouze, kilele cha mfereji, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Hapo huingia maji yaletwayo kutoka milima ya Montagne Noire, kisha yanagawanyika: mengine huelekea Atlantiki, mengine Mediterania. Tuliketi ukingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, ile siku ya kichochoroni nilikukosea. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kwa muda, akiyatazama maji. Kisha akasema, "Baba, siku ile ndiyo nilikuwa nimejua kukata kona."

Sikupata la kujibu. Akanimiminia chai iliyobaki, akaninyooshea usukani wa baiskeli uliopinda nilipoanguka. "Haya twende, Baba," akasema. "Treni ya Villefranche haitungoji."