Mwendo wa Aliye Nyuma

Kuanzia wiki za mwisho za Septemba hadi katikati ya Oktoba, barabara za vijijini za New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, hujaa pikipiki. Ni majira ya majani kupukutika. Miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake hugemwa na kuchemshwa ukawa shira, hupoteza ukijani usiku unapoanza kuwa wa baridi na mchana bado una jua. Njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani hujitokeza, na sukari inayobaki humo huzaa wekundu unaofanya mlima mzima uonekane unawaka. Waendesha pikipiki huifuata Barabara ya 100 ya Vermont, takriban kilomita 350 kandokando ya Milima ya Green, au huvuka New Hampshire kwa barabara ya Kancamagus, kilomita 55 kati ya Lincoln na Conway zisizo na kituo hata kimoja cha mafuta. Miji ya jirani kama Manchester na Portland ina wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi. Ni rahisi kwetu tunaoishi huku kuwatazama waendeshaji hao wakipita na kuhitimisha kwamba ni watu wenye nafasi na fedha wanaojifurahisha, basi. Mimi nadhani wanapita na jambo tunalolihitaji sana nyumbani, na jambo hilo halimo katika ukubwa wa injini zao.

Tazama jinsi kundi linavyopangwa. Kabla ya kuondoka, wote husimama pamoja na kuelezwa njia, mahali pa kupumzika, mahali pa kujaza mafuta, na nani amebeba sanduku la huduma ya kwanza. Vituo vya mafuta hupangwa kwa kufuata pikipiki yenye tangi dogo kuliko zote, na penye barabara kama Kancamagus hilo ni la lazima. Motorcycle Safety Foundation, taasisi ya mafunzo iliyoanzishwa mwaka 1973, hupendekeza kundi la watu watano hadi saba, wakizidi, wagawanywe. Mzoefu mmoja hutangulia, mzoefu mwingine hufunga msafara, na wageni wa barabara huwekwa karibu na kiongozi ili yeye awaone kwenye kioo chake. Hawaendi sambamba wala hawafuatani mkia kwa kichwa: wa kwanza hushika upande wa kushoto wa njia yao, wa pili upande wa kulia sekunde moja nyuma yake, wa tatu hurudi kushoto, sekunde mbili nyuma ya wa kwanza. Ikifika kona, kiongozi huinua kidole kimoja na wote huingia mstari mmoja. Shimo huonyeshwa kwa mkono au mguu, na ishara hupokezwa hadi kwa wa mwisho. Kila mmoja huovateki kwa zamu yake, akiamua kwa macho yake mwenyewe. Penye njia panda hakuna anayekata kona hadi wa nyuma yake aonekane. Ukiyaunganisha yote haya, unaona kwamba aliye nyuma ndiye anayeamua mwendo wa kundi zima.

Wala mandhari hayo hayana huruma. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, na hujikusanya palepale penye kona, chini ya kivuli. Jua liko chini, linampiga mtu machoni. Oktoba ndiyo wakati kulungu hutembea sana, na kuna kulungu wakubwa weusi waitwao moose, warefu kuliko farasi, ambao jioni huwaoni mpaka umewakaribia. Utaratibu ule haukubuniwa kwa ajili ya kupendeza.

Sasa njoo nyumbani, Afrika Mashariki. Sisi nasi tuna misafara ya pikipiki, tena mingi: mwenzetu wa kijiweni anapozikwa, bibi harusi anaposindikizwa, mgombea anapoingia mjini, timu ya Simba au Yanga inaporudi na kombe. Nauheshimu sana moyo uliomo. Sidhani kama kuna chama cha wapanda pikipiki New England kinachoweza kutoa watu wengi, kwa muda mfupi namna ile, kwa ajili ya mtu mmoja aliyefariki. Lakini angalia umbo lake. Barabara nzima hujaa, pande zote mbili. Watu hubebwa mishikaki, watatu au wanne kwenye kiti kimoja. Wengine wamesimama juu ya viti, honi hazikomi, vichwa viko wazi. Msafara una kichwa, hauna mkia. Anayeanguka nyuma hugunduliwa makaburini, au hospitalini, ambako katika miji yetu kadhaa watu wameshazoea kuiita wodi ya mifupa wodi ya bodaboda. Na kundi lisilo na mwenye kulijibia hugeuka upesi. Machi 2022, katika Barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimshambulia na kumdhalilisha mwanamke aliyekuwa akiendesha gari. Mshikamano uleule unaozika wafu, ulipokosa uongozi, ndio uliofanya uovu ule.

Atakayenijibu kwanza atasema: huko kuna polisi na sheria, ndiyo maana watu wamenyooka. Hoja hii haisimami, na New Hampshire ni ushahidi wake. Jimbo hilo halimlazimishi mtu mzima kuvaa kofia ngumu akiwa kwenye pikipiki, wakati Vermont, ng'ambo ya mto Connecticut, inawalazimisha wote. Wapo wanaovuka daraja na kuvua kofia. Hilo nalilaani bila kuficha, kwa sababu utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi umeonyesha kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo mtu huyohuyo aliyevua kofia hubaki katika nafasi yake kwenye mstari, sekunde zake mbili, kidole kikiinuliwa anatii. Mpango wa msafara huo umeshikwa na waendeshaji wenyewe, bila askari wa kuwachunga. Kwa hiyo tusisubiri askari.

Wa pili atasema, kwa haki zaidi, kwamba yule anaendesha kwa starehe na huyu wa kwetu anaendesha kwa tumbo. Ana hesabu ya bosi jioni, ana mkataba wa pikipiki ambao haujaisha, na kila dakika ni abiria aliyepotea. Nakubali kwamba haraka ya kazi ina sababu zake, na ushauri wa mdomo hauiondoi. Ila siku ya msafara hakuna abiria anayegombewa. Hakuna nauli mbele. Ni saa pekee ambayo bodaboda anaendesha kama yule wa Vermont, kwa hiari, pamoja na wenzake, na ndiyo saa anayoiendesha vibaya zaidi. Isitoshe, vijiwe vyetu vina mwenyekiti, katibu, zamu na mchango wa msiba. Kumteua wa kutangulia na wa kufunga ni jambo dogo kwa watu ambao tayari wanaweka akiba pamoja.

Kuna pingamizi la tatu linalouma. Tarehe 21 Juni 2019, huko Randolph, New Hampshire, pikapu iliyokuwa ikivuta tela iligongana na kundi la pikipiki, watu saba wakafa. Mpangilio haukuwakinga. Ni kweli, na hakuna safu inayomzuia dereva wa gari jingine. Unachofanya mpangilio ni kuondoa ajali ambazo kundi linajisababishia lenyewe, za kugongana, kubanana, kuovateki kwa kumfuata wa mbele bila kuona. Na hizo ndizo tunazoweza kuziondoa sisi.

Nimesikia pia kwamba msiba wa kijana ni kilio, na kilio hakipangwi foleni. Lakini tunapanga kila kitu kingine cha mazishi: nani ashike jeneza, nani atangulie, nani apokee rambirambi. Tuupange na msafara: barabara ya Mombo kwenda Lushoto, nchini Tanzania, pale inapopanda kuelekea Soni, ina kona za kutosha kumfunza yeyote kwa nini mstari mmoja. Na sisi tulio huku hatuko nje ya jambo hili, maana mabosi wengi wa pikipiki zile ni sisi, tulionunua moja kwa ajili ya mpwa au ndugu na kila jioni tunaulizia hesabu kwa simu. Siku ya msafara tusiulizie. Tuilipie siku hiyo, tununue kofia ya pili ya abiria, na tumwulize mpwa jina la atakayefunga msafara.