Namba tisa wa usiku wa giza

Ukitaka kufundisha mpira wa vijana hapa Nchelenge, Zambia, tazama kwanza mwezi. Chisense, dagaa wetu wa Ziwa Mweru, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Wiki ya giza winga wangu huja uwanjani macho mekundu, viganja vimechubuka kwa kamba, anasinzia huku amesimama. Siku hizo hatukimbii. Tunabaki kwenye boksi: pokea, geuka, piga. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, vijana wanalala makwao, na hapo ndipo ninapowatoa jasho.

Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Ungedhani hiyo ndiyo neema ya kocha. Thubutu! Ndiyo miezi ya mvua, na goli letu la upande wa ziwani linageuka dimbwi.

Mimi nilicheza namba tisa kwenye miji ya migodi, Copperbelt, mpaka goti likagoma. Rika letu tulikua na jina moja masikioni: Godfrey Chitalu, anayehesabiwa mabao 107 kwa mwaka 1972 peke yake. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa, akafa nayo ndege ilipoanguka baharini karibu na Libreville, 27 Aprili 1993. Wazee walipomsimulia walisimulia mashuti. Nadhani ndiyo sababu kila kijana anayejiita straika hunijia akitaka kuchana nyavu.

Simruhusu kupiga. Namsimamisha kati ya mabeki wawili, mpira ungali kwa winga, namuuliza: kipa yuko wapi? Beki ameegemea mguu gani? Hajui, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye mpira. Basi tunaanza. Krosi ikikaribia, nenda hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, taratibu, beki akuamini. Akishageuza kiuno, kata mbele yake uwahi nguzo ya karibu. Ukiwahi mno umeotea. Ukichelewa kipa ameshadaka. Hatua hizo mbili zinanilia mwaka mzima. Shuti atajifunza mwenyewe na wenzake ufukweni.

Mama mmoja alinijia sokoni Kashikishi. "Ba kocha, huu mpira utamlipa lini mwanangu?" Vijana humtajia Stophira Sunzu, aliyefunga penalti ya ubingwa wa Afrika mwaka 2012, wakati huo akiichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, ng'ambo ya mpaka tu. Mimi sikumtajia mtu. Nilimwambia, "Bamayo, sijui," kwa kuwa beseni lililokuwa mbele yake lilikuwa na chisense wa mwanawe, na ndio waliolisha nyumba.

Kwa hiyo sigombani na mitumbwi. Nimewaomba wenye mitumbwi jambo moja: usiku wa kuamkia mechi, namba tisa na winga walale nchi kavu. Kwa namba tisa wamekubali. Kwa winga bado tunavutana.